Kupima maendeleo ya kusoma kwa kishikwambi: namba zikishuka, ni mtoto aliyeshuka?

Mwalimu wa Darasa la Pili, Kilosa

Habari zenu, walimu wenzangu na wadau wa elimu ya msingi.

Ninafundisha Darasa la Pili katika shule ya kijiji wilayani Kilosa, na nina wanafunzi 84 katika chumba kimoja. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu, nami nikapata kimoja. Mwaka huu tumewekewa humo programu ya kupimia usomaji, yenye sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mtoto anasoma hadithi fupi kwa sauti kutoka kwenye karatasi, mimi ninamsikiliza huku nikigusa kila neno analolikosea, na kishikwambi kinahesabu sekunde 60 na kunipa idadi ya maneno aliyoyasoma kwa usahihi. Katika sehemu ya pili mtoto anakabidhiwa kishikwambi mwenyewe, anasoma kimyakimya, anachagua jibu moja kati ya manne, na mwishoni programu inatangaza kiwango chake.

Nimepima mara tatu, yaani Machi, Juni na Septemba. Binti mmoja, ambaye ni miongoni mwa wanaojitahidi sana darasani, alisoma maneno 31 mwezi Machi, akashuka hadi 22 mwezi Juni, kisha akapanda hadi 38 mwezi Septemba. Si yeye peke yake, kwani zaidi ya nusu ya darasa walishuka mwezi Juni. Kabla sijapata nafasi ya kutafakari, grafu za watoto zilikuwa zimeshatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mama wa binti huyo alifika shuleni na simu mkononi, akaniuliza kwa nini mwanawe anarudi nyuma, na nikatambua kwamba mtoto alikuwa ameshaadhibiwa nyumbani. Sikuwa na jibu, na jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Mwanafunzi mwingine alisoma maneno 52 kwa dakika, lakini katika maswali matano ya ufahamu alijibu moja tu, na bado programu imemweka katika kundi la wasomaji mahiri.

Ninafahamu kwamba upimaji wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa Darasa la Pili una taratibu zake. Ninachouliza ni juu ya upimaji wetu wa ndani: je, namba hizi zinaweza kuaminiwa kuonyesha maendeleo ya mtoto mmoja mmoja? Na kati ya sehemu hizo mbili, ipi ina manufaa zaidi kwa watoto wa umri huu?

---

Afisa mstaafu wa usaidizi wa mtaala, Machakos

Mwalimu, pole kwa yaliyokukuta, na pole zaidi kwa huyo mtoto.

Nilifanya kazi hii huku Kenya wakati Tusome, mradi wa kuwafundisha watoto kusoma, ulipoanza kuenea nchi nzima mwaka 2015. Tulipewa tableti, ambazo nyinyi mnaziita vishikwambi, zenye programu iitwayo Tangerine iliyotengenezwa na RTI International, na kazi yake ni kama hiyo ya sehemu yako ya kwanza. Msingi wake ni kipimo kiitwacho EGRA, ambacho shirika hilo lilianza kukiunda mwaka 2006 kwa ufadhili wa USAID, shirika la misaada la Marekani, na ambacho kwa miaka mingi kilifanywa kwa kalamu, karatasi na saa ya kuhesabia sekunde. Ninalitaja hili kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kompyuta ndiyo inayompima mtoto, wakati katika aina hii ya upimaji anayepima ni sikio la mwalimu. Kifaa kinatunza muda, kinajumlisha na kuhifadhi. Kama sikio limekosea, kifaa kitahifadhi kosa hilo kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ulichunguze ni hadithi zenyewe. Je, hadithi ya Juni ilikuwa na ugumu sawa na ile ya Machi? Katika Kiswahili swali hili ni zito kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima. Tazama mfano huu: "Baba ana kuku. Kuku yule anakula mahindi." Hayo ni maneno saba yenye silabi 17. Sasa tazama huu: "Walipowakaribia, wanyama walitawanyika." Hapo pana silabi 17 zilezile, lakini maneno ni matatu tu. Mtoto aliyesoma mistari hiyo miwili kwa kasi ileile na kwa usahihi uleule ataandikiwa saba katika mmoja na tatu katika mwingine. Programu haiwezi kuliona jambo hilo, kwa kuwa imeagizwa ihesabu nafasi zilizo kati ya maneno.

Ndiyo sababu huku kwetu malengo ya usomaji fasaha yaliwekwa kuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Nilikutana na wazazi, hata na walimu, waliotafsiri tofauti hiyo kuwa watoto wetu ni wazito katika Kiswahili, na ilinibidi niwaeleze mara kwa mara kwamba "hatukumwambia" ni neno moja kwetu, na kwa Kiingereza maneno matano.

Jambo la pili ni matumizi ya namba. Katika ziara zetu tulitazama somo, kisha tukawasikiliza wanafunzi watatu waliochaguliwa bila upendeleo. Watatu hao hawakuwakilisha darasa lao, na wala hatukukusudia kumpa mtoto yeyote hukumu; matokeo ya maelfu ya ziara yalipounganishwa ndipo kaunti na wizara zilipoweza kuona mwelekeo. Kipimo kilichobuniwa kuonyesha hali ya mfumo, kikichukuliwa jinsi kilivyo na kugeuzwa kuwa ripoti ya mtoto mmoja, kinabebeshwa mzigo ambao hakikuumbiwa.

Je, ni wewe uliyewasikiliza wote katika awamu zote tatu, au mlipokezana? Nimeona walimu wawili wakimsikiliza mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na mmoja akahesabu makosa mawili ilhali mwenzake amehesabu saba. Mmoja wao alikuwa anahesabu kosa hata pale mtoto alipojisahihisha mwenyewe, na hilo katika EGRA huhesabiwa kuwa sahihi.

---

Mkufunzi wa chuo cha ualimu, Tanga

Ninakubaliana na Afisa kuhusu hadithi na masikio. Mimi niongeze juu ya namba yenyewe, kisha juu ya ile sehemu ya pili, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi.

Kila kipimo kina mtikisiko wake. Mpime mtoto leo asubuhi, mpime tena keshokutwa kwa hadithi nyingine ya ugumu uleule, na hutapata namba ileile, ingawa katika siku mbili uwezo wake haujabadilika. Alikuwa na njaa, jirani alimcheka, kishikwambi kililia ghafla, au alianza vibaya neno la kwanza akapoteza sekunde nane. Ninakushauri uchague watoto kumi wa viwango mbalimbali, uwapime mara mbili ndani ya wiki moja, kisha uandike tofauti ya kila mmoja. Ukiona kwamba tofauti za kawaida zinafika maneno matano au sita, basi utakuwa umejua kwamba mabadiliko ya maneno manne kati ya mihula miwili si habari ya kumpelekea mzazi. Zoezi hilo litakuchukua asubuhi mbili, na litakufaa zaidi ya grafu zote ambazo programu inazichora, kwa sababu nyingi huunganisha nukta tatu kwa mstari mnene bila kuonyesha upana wa shaka unaoizunguka kila nukta.

Kuhusu sehemu ya pili, ile ya mtoto kujibu peke yake: nchini Marekani vipo vipimo vya aina hiyo vinavyotumiwa sana, kama vile MAP Growth na Star Reading, ambavyo hujirekebisha kadiri mtoto anavyojibu. Akipata swali, linalofuata huwa gumu zaidi. Akikosa, huwa rahisi zaidi, hadi kipimo kinapofika mahali ambapo maswali si mepesi mno wala magumu mno kwa mtoto huyo. Faida yake ni kubwa, kwa sababu mtoto dhaifu hachoshwi na maswali yasiyomhusu, na hodari hapotezi muda kwa maswali mepesi. Lakini nguvu yote ya kipimo hicho imo katika hazina ya maswali ambayo ugumu wa kila moja umekwisha kujulikana baada ya kujaribiwa kwa wanafunzi wengi mno. Kwa hiyo waulize waliokuletea programu: maswali haya ya Kiswahili yalijaribiwa kwa watoto gani, wangapi, na wa wapi? Wasipoweza kujibu, neno "kiwango" linaloonekana kwenye skrini ni idadi ya majibu sahihi iliyobadilishwa jina.

Usisahau pia kukisia. Katika maswali 20 yenye machaguo manne, mtoto asiyejua kusoma hata herufi moja hutarajiwa kupata matano kwa bahati tu, na mwenye bahati zaidi atapata manane. Kama programu yako inahifadhi muda wa kila jibu, utazame. Mtoto wa Darasa la Pili aliyejibu swali la aya nzima ndani ya sekunde tatu hakuisoma aya hiyo.

Hapa Tanga tulishuhudia jambo linalohusiana na hili. Kati ya mwaka 2017 na 2019 yalifanyika mashindano ya Global Learning XPRIZE katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huu, ambapo watoto karibu 3,000, wengi wao wasiokuwa shuleni, walipewa tableti zenye programu za kujifunzia kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja, na baada ya miezi 15 sehemu hiyo ilikuwa imepungua kwa takribani nusu. Ninachotaka mkione ni kwamba maendeleo yao hayakuamuliwa kwa nyota na ngazi walizozipata ndani ya programu. Walipimwa usomaji kabla na baada, kwa kipimo kilichokuwa nje ya programu zote tano zilizoshindana. Programu inayofundisha na kujipa alama yenyewe ni kama fundi anayepima ukuta wake kwa rula aliyoichonga mwenyewe.

---

Mwalimu, Bariadi

Nimesoma yote kwa makini, na ninaomba nirudi kwa yule mtoto wa maneno 52, kwa sababu darasani kwangu ninao watoto wa namna hiyo wengi kuliko wanavyodhaniwa.

Tahajia ya Kiswahili hufuata sauti. Mtoto akishazijua silabi, pamoja na zile ngumu kama "ng'o" na "dha", anaweza kusoma karibu neno lolote lililoandikwa, hata lile ambalo hajawahi kulisikia maishani mwake. Wengi wa wanafunzi wangu huzungumza Kisukuma nyumbani. Mtoto anaweza kusimama mbele ya darasa, akasoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri hadi mgeni akampigia makofi, na asijue kama hadithi ilihusu samaki au harusi. Kipimo cha maneno kwa dakika humwita mtoto huyu msomaji mahiri, na kwa sababu hiyo hakuna anayemsaidia. Yule anayegugumia angalau anaonekana.

Mimi hufanya hivi. Baada ya mtoto kusoma na kushindwa maswali, ninamsomea mimi mwenyewe hadithi hiyohiyo, polepole, kisha ninamuuliza tena. Akijibu vizuri, basi tatizo liko katika kusoma: alikuwa anatumia nguvu zake zote kutamka, zikawa hazikubaki za kuelewa. Akishindwa tena, tatizo liko katika lugha yenyewe, na mazoezi ya kusoma haraka hayatamsaidia. Anahitaji hadithi za mdomo, msamiati, na mazungumzo. Mara nyingine ninamruhusu anisimulie kwa Kisukuma, na hapo ndipo ninapogundua kwamba alielewa kila kitu ila alikosa maneno ya kujibia. Hakuna programu niliyoiona inayofanya hatua hiyo, nami sioni sababu ya kuingojea.

Jambo jingine ni matamshi. Kisukuma hakina sauti ya "r", kwa hiyo watoto wangu husoma "kalatasi" wanapoona "karatasi". Mwalimu mgeni huwagusia kosa kila mara, na mtoto hupoteza maneno matano katika hadithi moja kwa sababu ya ulimi wa nyumbani kwao. Mtoto huyo ameyasoma maandishi sawasawa. Amueni mapema, shule nzima, kwamba matamshi ya lugha ya nyumbani si kosa la kusoma, mkaiandike kanuni hiyo ukutani, na msiibadilishe katikati ya mwaka, kwani kanuni ikibadilika hata maendeleo mtakayoyaona yatakuwa ya kanuni.

Na kwa ile sehemu ya pili, kumbukeni kwamba kwa mtoto ambaye kwao hakuna simu ya kugusa, mara ya kwanza mnapima vidole. Mpeni muda wa kucheza nacho kwanza.

---

Mwalimu wa Darasa la Pili, Kilosa

Walimu wangu, ninawashukuru kwa dhati. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nifanye kwanza mliyonielekeza.

Jana jioni nilikaa na hadithi zote tatu na penseli, nikahesabu silabi. Hadithi ya Machi ina wastani wa silabi 2.2 kwa neno, ya Juni 3.2, na ya Septemba 2.3. Kisha nikazidisha matokeo ya yule binti. Mwezi Machi alisoma takribani silabi 68 kwa dakika, mwezi Juni takribani 70, na mwezi Septemba takribani 87. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Kati ya Machi na Juni alisimama pale alipokuwa, na baada ya likizo akaanza kukimbia. Nilipoiona hesabu hiyo niliiweka penseli chini, nikakaa kimya kwa muda.

Leo asubuhi nilimwita mama yake, nikamwonyesha hadithi mbili kwenye karatasi na kumwomba asome zote mbili kwa sauti. Aliposoma ile ya Juni alijikwaa mwenyewe katika neno "walivyotutayarishia", akacheka, kisha akanyamaza, akamvuta mwanawe karibu naye. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Kuhusu kupokezana, ni kweli: mwezi Juni nilisaidiwa na mwenzangu, na baadhi ya watoto walipimwa naye. Tulimsikiliza mtoto mmoja pamoja leo, na tukatofautiana makosa manne, matatu kati yake yakiwa maneno ambayo mtoto alijisahihisha.

Yule wa maneno 52 nilimsomea hadithi jinsi Mwalimu wa Bariadi alivyoelekeza, akajibu maswali mawili tu. Kwao wanazungumza Kimaasai. Nimemwondoa katika kundi la wasomaji mahiri na kumpangia nafasi ya kusimulia picha pamoja na wenzake kila siku kabla ya kipindi cha kusoma.

Nimemwomba pia Mwalimu Mkuu matokeo ya mtoto yasitumwe tena kwenye kundi la wazazi, naye amekubali bila ubishi, hasa nilipomkumbusha kwamba tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Limebaki swali moja. Kumsikiliza mtoto mmoja na kumuuliza maswali kunachukua kama dakika tatu, na kwa watoto 84 hiyo ni zaidi ya saa nne. Nifanyeje ili kazi hii isinile siku za kufundisha?

---

Afisa mstaafu wa usaidizi wa mtaala, Machakos

Usiwapime wote kwa siku moja, wala usiwapime wote kila mwezi. Darasa zima lipimwe mara tatu kwa mwaka kama ulivyofanya, lakini kwa kuwasikiliza watoto sita kila siku wakati wenzao wanaandika. Ndani ya wiki tatu utakuwa umemaliza, na tofauti ya wiki tatu haitakuharibia picha. Wale ambao bado hawajasoma neno lolote usiwahesabie maneno kabisa. Wasikilize kila wiki kwa silabi na herufi, kwa kuwa sifuri inayojirudia haikuonyeshi kama mtoto amejifunza herufi tano au kumi na tano tangu mlipoonana mara ya mwisho.

---

Mkufunzi wa chuo cha ualimu, Tanga

Na zile hadithi tatu usizitupe. Andika pembeni ya kila moja idadi ya maneno na idadi ya silabi, uongeze nyingine mbili zenye wastani wa kati ya 2.2 na 2.4, uwasomeshe kwanza watoto wachache wa darasa la mwenzako ili ujue kama kweli zinalingana, kisha uzifungie kabatini hadi Machi. Hadithi ambayo watoto wameshaisoma darasani haipimi tena kusoma, inapima kumbukumbu.